Springi za Mzigo

4 Februari

Fundi,

Najua umeshtuka kuona mwandiko wangu. Usishtuke sana, sijafa na sijaja kuomba radhi. Nina shida ya gari, ile pikapu yetu.

Ile injini ya petroli uliyoiacha inakohoa imekata roho. Nimefunga ya dizeli, nimeitoa kwenye lori lililopinduka. Inavuta vizuri, milima yote ninapanda bila kubembeleza. Lakini lile dude ni zito. Tuliinyanyua wanaume wanne na mmoja wetu hadi leo anatembea kiupande. Tangu ikae pale mbele, pua ya gari imelala. Nikikanyaga breki linasujudu, na shimo dogo tu chuma kinagonga chuma.

Muuza vipuri wa hapa ana springi za aina moja, anamuuzia kila mtu, magari yote kwake ni sawa. Mama yako akasema, "Si una mtoto anayeshinda kwenye springi? Mwandikie." Basi nimekuandikia.

Nataka jozi ya mbele itakayoibeba hiyo injini. Na jozi ya nyuma, laini. Ile laini kuliko zote ulizo nazo. Siku hizi nyuma sipakii kitu.

Mama yako hajambo, anakusalimu.

Ni mimi, baba yako

---

13 Februari

Baba, shikamoo.

Barua imefika. Nyundo, bosi wangu, aliniona nimeikodolea macho akauliza kama ni ya mahakamani. Nikamwambia ni ya baba, akasema pole.

Ya mbele si tatizo. Ila springi haichaguliwi kwa kusema "zito" halafu basi. Liweke gari mahali palipo sawa, likiwa tupu. Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, magurudumu yote manne. Usipime kutoka chini, tairi likipungua upepo litakudanganya. Useme betri iko upande gani, na kama bampa ni lilelile au umechomelea chuma cha reli kama ulivyokuwa unatishia. Hakuna springi nzuri, Baba, kuna springi inayolingana na mzigo wake. Ikiwa laini kuliko mzigo gari linakaa chini, ikiwa ngumu kuliko mzigo linamrusha aliyemo.

Sasa hilo la nyuma. "Sipakii kitu." Baba, ni mimi huyu. Mara ya mwisho uliniambia maneno hayohayo, nikakufungia springi za kawaida kwa mikono yangu, na wiki haikuisha ukajaza magunia hadi juu ya turubai na Mama ukampandisha juu yake kama utingo. Springi ikakatika kwenye mteremko. Mama akaanguka na magunia. Wewe ulishuka ukauliza kama magunia yamepasuka. Nilikuwepo, nilisikia. Niliondoka kwa sababu ya hilo, na sijalisahau, wala sitajifanya nimesahau kwa kuwa leo una shida na mimi.

Kwa hiyo nauliza kwa heshima zote: nyuma kutakaa nini?

Msalimie sana Mama. Mwambie naye aandike japo mstari, au ule mkono alioumia siku ile bado unamsumbua?

Mwanao

---

20 Februari

Mama Mapacha,

Wajukuu zangu hawajambo? Mdogo wako amejibu. Ulimi wake bado ni wembe, lakini amejibu.

Hali ya mama yenu haijabadilika tangu uondoke. Ule uvimbe umeshika uti wa mgongo. Daktari wa hospitali kubwa anataka aende akachomwe mionzi, si mara moja, ni kwenda na kurudi mpaka wao waseme basi. Alinivuta pembeni akaniambia haitamponya, itampunguzia maumivu tu. Nikasema hata hivyo tutakwenda. Kwenye basi hawezi kukaa, namlaza nyuma ya gari chini ya turubai. Na unaijua hiyo barabara, yale matuta membamba yanayofuatana kama mbavu za ng'ombe mwenye njaa. Nikienda polepole anaumia muda mrefu, nikikimbia anaumia zaidi. Kwa sasa sina haja nyingine duniani, nataka springi laini tu, afike huko bila kung'ata mtandio wake.

Mdogo wako asijue. Mama yenu ameniapisha. Anasema, "Mtoto akirudi, arudi kwa kutukumbuka. Sitaki arudi kwa kuogopa jeneza." Na ndiye aliyenituma nimwandikie habari za springi. Anataka kulala juu ya kazi ya mwanawe, hayo ni maneno yake mwenyewe, mimi sina maneno matamu kama hayo.

Na wewe nyamaza.

Babu wa mapacha

---

27 Februari

Baba, shikamoo.

Mapacha wote wawili wana surua, nyumba yangu ni kilio tu, kwa hiyo nitasema bila kupamba. Mwambie.

Kiapo ni cha Mama, lakini kimya ni chako. Unaogopa. Unajua mdogo wangu akisikia neno mgongo, atasema ni ile siku alipoanguka. Daktari alisema si kuanguka, nilikuwepo, nilimsikia kwa masikio yangu. Ila wewe hujamwamini daktari, ndiyo maana mkono wako hauwezi kumwandikia mtoto wako neno hilo moja.

Hiyo springi ni kazi yake, Baba. Mtu hawezi kupima asichokijua. Ukimwambia nusu, ile nusu nyingine ataijaza mwenyewe kwa hasira alizoondoka nazo.

Nashona godoro la sponji, tabaka mbili, nitalituma na dereva wa lori la mbao. Upande wenye mshono mwekundu ukae juu. Siwezi kuja mpaka watoto wapone. Nitanyamaza kwa kuwa Mama amesema. Si kwa ajili yako.

Mama Mapacha

---

6 Machi

Fundi,

Nimepima ulivyoagiza, nimechuchumaa mpaka magoti yakalia. Vipimo vyote vinne nimeandika nyuma ya karatasi hii. Mbele kulia kumelala kuliko kushoto kwa vidole viwili. Betri iko kulia na mimi mwenyewe nakaa kulia, kwa hiyo usiseme nimekosea kupima. Bampa ni lilelile. Ile reli nilimpa jirani akafanyia kizingiti.

Nyuma, narudia, laini. Kutakaa kitu kimoja. Hakifiki uzito wa gunia moja, na hakitaki kutikiswa. Ukitaka jina, chukulia ni mayai.

Habari za magunia na nani aliuliza nini tutaongea siku utakapoikumbuka njia ya nyumbani. Mimi naulizwa mambo na watu wanaokuja kukaa kwangu, siulizwi kwa posta.

Fanya haraka. Nakuomba.

Baba yako

---

17 Machi

Baba, shikamoo.

Mayai! Nilimsomea Nyundo akacheka mpaka akaweka spana chini. Mtu aliyepakia saruji, mawe, ng'ombe mzima na kitanda cha shaba kwa safari moja, leo anabeba mayai. Na tena "nakuomba". Hilo neno sikujua kama unalo.

Springi nimezikabidhi kwa dereva wa basi la Alhamisi. Za mbele nimeumiza kichwa. Nondo yake ni nene kuliko ya zamani, na moja ni ndefu kidogo, nimeipaka rangi nyeupe: hiyo ni ya kulia, kwenye betri na wewe. Ukizifunga pua itanyanyuka na breki haitasujudu tena. Kwa hizo sina wasiwasi.

Za nyuma nimekuwekea za mzigo.

Usitukane kwanza, sikiliza. Hapa karakana tuna sheria moja aliyonifundisha Nyundo siku ya kwanza: mteja hutaja nusu ya mzigo wake, ile nusu ya pili utaijua springi ikirudi imekatika. Hatujawahi kumfungia mtu kile alichotaja, tunaongeza. Kwako nimeongeza mara mbili, kwa kuwa nakujua. Leo mayai, kesho jirani anahama, keshokutwa magunia. Gari likiwa tupu zitakurusha kidogo, vumilia. Siku ukilijaza zitakaa na gari litatulia, mpaka utashangaa. Siku hiyo utanikumbuka.

Wala sijafanya hivi kwa ajili yako. Najua Mama atapanda tu huko nyuma, hata umkataze. Sitaki springi yangu ikatike tena chini yake.

Mwambie ni zawadi yake. Mwambie kila mzunguko nimeukagua mwenyewe.

Mwanao

---

2 Aprili

Mama Mapacha,

Godoro limefika, Mungu akulipe. Na springi zimefika.

Za mbele ni kazi ya mtu mwenye akili, siwezi kumnyima. Gari limenyanyuka uso kama limesifiwa. Za nyuma ametuma ngumu kama za lori. Nilipoziona nilikaa chini pale uwanjani. Nikasema nazirudisha leo hii, nabakiza zile kuukuu, japo moja imechomelewa na gari linainama. Mama yenu alikuwa amelala sebuleni, dirisha wazi, akanisikia. "Usithubutu kumrudishia mtoto kazi yake. Miaka miwili hakututumia hata salamu. Leo katutumia chuma, wewe urudishe? Funga."

Nikafunga. Nilimsikiliza kwa sababu yeye ni mgonjwa, na kwa sababu mimi ni mjinga.

Hiyo safari sitaki kukusimulia yote. Kila jiwe lilipanda moja kwa moja mpaka mgongoni mwake. Nikasimama, nikajaza mchanga wa mtoni kwenye magunia, nikayapanga kando ya godoro ili springi zilegee. Zililegea kidogo. Mengi zaidi sikuweza, angelala wapi? Alipoamka akajikuta katikati ya magunia, akacheka, akasema, "Nimerudi kazini." Mimi sikucheka. Kwenye daraja la mbao aliung'ata ule mtandio mpaka ukatoboka, na bado akaniambia, "Endesha. Mtoto amepima."

Nimetaka kumwandikia mdogo wako. Nimekaa na kalamu, maneno yanayokuja ni matusi, nikaacha.

Babu wa mapacha

---

15 Aprili

Baba, shikamoo.

Mbona kimya? Hata kunitukana hamna? Nilitegemea kurasa tatu.

Nataka kujua springi zinaendaje. Ile nyeupe uliifunga kulia? Na mayai yanafika mazima, au umeshakubali kwamba ni magunia? Nyundo ananiuliza kila siku, "Mzee wa mayai kasemaje?" Hapa karakana umekuwa maarufu.

Nimepata ruhusa mwezi wa sita. Nadhani nitakuja. Usimwambie Mama, nataka kumshtukiza. Nitaingia kwa mlango wa jikoni, na yeye atapiga kelele na kunipiga kwa mwiko kama zamani, halafu atauliza kama nimekula. Mimi na wewe tutaangalia cha kufanya. Labda tutaongea, labda tutalala chini ya gari kila mtu upande wake tusiangaliane, tukazane na nati. Hata hivyo si vibaya.

Mwanao

---

24 Aprili

Mdogo wangu,

Kaa chini kwanza.

Mama amefariki. Amefia hospitali kubwa, kwenye safari yake ya tatu ya kuchomwa mionzi. Tumemzika juzi. Barua kufika huko ni wiki nzima, hatukuweza kukusubiri. Alikuwa na uvimbe, ukashika uti wa mgongo, tangu mwaka jana. Hakutaka ujue, alituapisha. Ndiye aliyekuwa analala nyuma ya gari. Yale mayai ni yeye.

Baba aliomba springi laini kwa ajili yake. Mimi nilijua, nikanyamaza, na leo kila nikimkanda mtoto mmoja mgongo naukumbuka mgongo wa Mama, na wewe tuliyekuficha. Nilimwambia Baba akuambie. Hakuweza. Aliogopa utasema kuanguka kule ndiko kulikomuua. Sikuuliza kama ungesema hivyo. Najua ungesema.

Barua yako ya mwisho ilifika siku nyumba imejaa watu wa msiba. Baba aliisoma wima mlangoni, akaikunja, akaenda kukaa ndani ya gari, kwenye usukani, mpaka giza likaingia.

Njoo ukiweza. Usije kwa ugomvi, hatuna nguvu.

Dada yako

---

3 Mei

Baba,

Leo sina shikamoo.

Mstari mmoja tu. "Mama yako ni mgonjwa, analala nyuma." Basi. Ningetafuta springi laini karakana nzima, na kama hazipo ningezikata na kuzipinda kwa moto mimi mwenyewe usiku kucha. Ningekuja nazo begani. Uliniandikia mayai! Ukaniacha nifanye mzaha, nikawasomea watu wakacheka, na huku Mama analala juu ya chuma nilichokichagua kwa makusudi kwa kuwa sikukuamini wewe.

Nasema hivyo na najua nini utajibu. Utasema uliandika laini, mara mbili. Ni kweli uliandika. Barua ninazo hapa, nimezisoma mpaka mikunjo imechanika. Lakini nani kakufanya usiaminike? Nani kanifundisha kwamba ukisema hupakii, umepakia? Kama ungekuwa mtu mkweli siku moja tu katika maisha yako, ningekufungia ulichoomba.

Nyundo hasemi tena ile sheria yake nikiwa karibu.

Zirudishe. Za nyuma, zote mbili. Nataka kuzikata kwa msumeno vipande vipande.

Na nijibu swali hili bila kuficha, japo mara moja: aliumia?

Mwanao, bahati mbaya yetu sote

---

14 Mei

Mwanangu,

Aliumia. Sitakuficha, nimeficha vya kutosha.

Aliumia kwenda na aliumia kurudi. Ningeweza kuzifungua zile springi usiku amelala, nikafunga zile kuukuu, asijue. Sikuzifungua, kwa kuwa kila tukianza safari alikuwa anapapasa sakafu ya gari kwa kiganja, kama mtu anayemgusa mtoto aliyelala, na anauliza, "Hizi ndizo zake?" Nasema ndizo. Ningemwambia nini?

Siku ile kwenye mteremko niliuliza habari za magunia kwa sababu niliogopa kumwangalia yeye. Ukitaka usiamini, una haki, umenizoea.

Umeomba nizirudishe. Sizirudishi, na nitakuambia kwa nini, halafu ukija mwezi wa sita utaamua kama tulale chini ya gari pande mbili au usinione kabisa.

Siku ya kumrudisha nyumbani hatukupata gari lingine. Tulipakia jeneza nyuma, na kaka zake wanne, na dada yako na mapacha, na majirani waliokuja kutusaidia, na godoro, na vyombo vyake vya hospitali. Gari lilijaa kama enzi zangu. Nikaingia kwenye ile barabara mikono imekaza, nasubiri kishindo. Hakikuja. Springi zilikaa chini, zikaupokea mzigo wote. Tulipita mbavu zote zile, tukapita daraja la mbao, jeneza halikusogea hata kidole. Mapacha walilala. Miaka yote niliyoshika usukani sijawahi kuendesha gari lililotulia namna ile. Baada ya daraja nilisimama nikashuka, watu wakadhani gari limekufa. Nilikuwa nimeshika bampa nalia, na mjomba wako ananiuliza nini kimekatika.

Uliandika kwamba siku nikilijaza nitakukumbuka. Nilikukumbuka.

Ulipima sawasawa, mwanangu. Zilikuwa za mzigo, na mama yako hakuwa mzigo mpaka siku ile.

Baba yako